Mahojiano Manne na Mama Chibalonza

Faida aliingia kusoma saikolojia kwa sababu ya tafsiri mbovu.

Mama mmoja wa kanisani kwetu, Mrundi aliyewazika wanawe wawili kabla ya kuletwa Australia, alikwenda kwa daktari hapa mtaani kwetu Fairfield akasema moyo unamuuma. Mkalimani alikuwa kwenye simu, katika mji mwingine, akatafsiri neno kwa neno. Mama akapimwa moyo kwa mashine, akatolewa damu, akalazwa hospitali siku mbili, na mwisho akaambiwa moyo wake ni mzima kabisa. Alirudi nyumbani akilia, maana alidhani wamemwona mwongo. Miadi iliyofuata Faida alimsindikiza. Daktari alipouliza tena habari za moyo, Faida alimkatiza mkalimani, jambo ambalo si tabia yake, akasema kwa Kiingereza: "Huyu mama hazungumzii moyo wa nyama. Anasema ana huzuni isiyomwachia." Daktari aliacha kuandika, akamtazama mgonjwa usoni kwa mara ya kwanza.

Jambo hilo Faida alinisimulia mara nyingi. Tulifanya kazi pamoja katika makazi ya wazee, mimi jikoni, yeye vyumbani, akiwaogesha wazee na kuwalisha wasioweza kushika kijiko. Alizaliwa Baraka, upande wa Kongo, akavushwa ziwa akiwa na miaka tisa, akakulia kambini Kigoma. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Wakongo wenzake, na sisi Warundi tulikuwa tukimpa barua zetu atusomee. Aliishi na binti yake, Vanessa, wa miaka kumi na miwili, ambaye alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza.

Mwezi wa pili, mwaka 2020, alianza chuo cha jamii kilichoko mwendo mfupi kutoka stesheni. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mpango ulikuwa hivi: angesoma stashahada miaka miwili huku akifanya kazi, na akifaulu vizuri, chuo kikuu kingempokea moja kwa moja mwaka wa pili wa saikolojia. Darasani walikuwa ishirini na wawili. Mwalimu wao aliitwa Hanh, mwanamke mfupi wa makamo aliyezaliwa mtaa jirani wa Cabramatta na wazazi waliokimbia Vietnam kwa mashua. Siku ya kwanza Hanh aliwaambia kwamba mama yake hajawahi kusema neno "huzuni" maishani mwake, lakini kichwa chake kimemuuma miaka arobaini. Faida alirudi kazini kesho yake akiwa kama mtu aliyepata ndugu.

Walisoma pamoja wiki tano tu. Kisha korona ikafunga chuo, na masomo yakahamia kwenye kompyuta. Chuo kilimwazima laptopu. Akasomea kwenye meza ya jikoni, Vanessa upande ule na masomo yake, yeye upande huu na yake. Mara ya kwanza alipojibu swali la mwalimu alizungumza dakika nzima kwa bidii, na Vanessa akamwambia bila kuinua kichwa, "Mum, hawakusikii. You're on mute."

Mwaka ule wa kwanza aliumudu. Alikuwa na daftari la jalada jekundu ambamo aliandika maneno ya watu wetu. Kichwa kinazunguka. Roho imekufa ganzi. Mwili umevunjika. Kifua kimejaa. Kando ya kila neno aliandika nani alilisema na alimaanisha nini. Alilionyesha kwa mwalimu kupitia kamera, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Hiki hakimo katika maktaba yetu," Hanh alimwambia. "Mwaka wa mwisho utafanya mradi. Fanya huu. Tafuta mtu mzima, mwenye afya, aliyepitia mengi na asiyeogopa kuyazungumza. Mhoji mara nne. Mrekodi, kwa ruhusa yake. Andika anachosema na mwili unachosema."

Faida hakuhitaji kutafuta. Alimchagua Mama Chibalonza.

Mama Chibalonza alikuwa mjane wa miaka sitini na saba kutoka Walungu, nje ya Bukavu. Aliishi peke yake Cabramatta, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, na aliongoza kwaya ya akina mama kwa sauti ambayo ilikuwa haihitaji kipaza sauti. Soko la Cabramatta lilikuwa kama sebule yake. Hakujua Kiingereza wala Kivietinamu, lakini wauza mboga walimjua, na alipofika walimtolea sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa kutoka chini ya friji kabla hajaonyesha kidole. Mwanawe pekee aliyebaki, Déo, alihamia Queensland, jimbo jingine, kwenye kiwanda cha nyama, akaoa huko. Alimpigia mama yake kila Jumapili.

Mwaka 2021, mwezi wa sita ukiisha, mji ukafungwa tena, na safari hii ilikuwa si kama ya kwanza. Ugonjwa ulikuwa kwetu hasa, mitaa ya magharibi. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya nyumba mchana kutwa. Wanajeshi walipita na polisi wakigonga milango kuona kama wagonjwa wamekaa ndani. Kwa watoto waliozaliwa hapa ilikuwa sinema. Kwetu sisi tuliotoka tulikotoka, mwanajeshi akigonga mlango, tumbo linakumbuka. Ili tuingie kazini ilibidi tupimwe pua kila siku ya tatu, tukipanga foleni ya magari kwenye uwanja wa maonyesho kwa muda wa saa mbili au tatu. Kazini, kila asubuhi, Faida alipita na fomu yake chumba kwa chumba akiwauliza wazee: Unakohoa? Unapumua vizuri? Chakula kina ladha?

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kumaliza kazi mapema. Alivua sare, akaoga, akavaa blauzi, akaketi mezani na daftari, akampigia Mama Chibalonza. Vanessa alikuwa amemwekea rekoda kwenye laptopu.

Mahojiano ya kwanza yalikuwa ya Walungu na shamba na ndoa. Ya pili yalikuwa mazito. Mama Chibalonza alisimulia jinsi alivyompoteza binti yake msituni wakati wa kukimbia, msichana wa miaka saba, na jinsi alivyotembea siku mbili akiwa bado amebeba viatu vyake. Kisha, katika mahojiano yayo hayo, akasimulia jinsi mtoto yule alivyokuwa akimfunga mbuzi kitambaa kichwani ampeleke kanisani, akacheka mpaka Faida naye akacheka. Wiki ya tatu alisema amechoka kidogo, kuna baridi. Walizungumza nusu saa tu. Ilikuwa Agosti, baridi ilikuwepo kweli.

Mahojiano ya nne yalifanyika Alhamisi ya tatu ya Agosti. Nayaandika kama yalivyo kwenye rekodi, kwa sababu niliyasikia baadaye.

"Mama, wiki hii unalala?"

"Kulala? Nalala sana, mwanangu. Muchana nalala, usiku nalala. Mwili haitaki kuamka."

"Na kula?"

"Chakula iko, Déo aliniagizia. Lakini haina ladha. Jana nimepika sombe, nimeonja, nikajiuliza, mbona niko nakula karatasi?"

"Imeanza lini hiyo, Mama?"

"Siku ine, tano hivi."

"Kuna kingine unachohisi?"

"Kifua, Faida. Kifua inanibana. Kama mutu amenikalia hapa."

"Inabana wakati gani zaidi?"

"Nikisema. Nikisema sana, inabana."

Faida aliandika haraka. Uchovu, kulala kupita kiasi, chakula kukosa utamu, kifua kubana anapozungumzia yaliyopita. Kitabu chake cha darasani kilikuwa wazi pembeni, na dalili zote zilikuwa ukurasa mmoja, zimepangwa, kama zilimsubiri. Alimwonea huruma mama yule kwa moyo wote. Alimwambia kwamba huzuni aliyoifunga miaka ishirini na zaidi imepata nafasi ya kutoka kwa kuwa amefungiwa peke yake, kwamba si aibu, kwamba kuna msaada.

"Basi ni hiyo," Mama Chibalonza alisema. "Wewe ndiye umesoma."

Ijumaa asubuhi Faida alimweleza mwalimu wake. Alikuwa na wasiwasi, na alikuwa pia, hakunificha hili, na kiburi kidogo, kama fundi aliyegundua kasoro ambayo wengine hawakuiona. Hanh alisoma maelezo yote aliyomtumia. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Simamisha mahojiano. Mtafutie daktari leo hii."

Faida alipiga simu kliniki. Msichana wa mapokezi akauliza kama ni dharura, kama kuna hatari mgonjwa kujidhuru.

"Hapana," Faida alisema. "Ni huzuni."

Wakampa nafasi ya Jumatano, daktari atapiga simu, mkalimani atakuwepo. Faida alimtumia Mama Chibalonza ujumbe wa sauti kumweleza. Jumamosi mchana, Faida akiwa kazini, jibu lilikuja. "Aksanti, Faida. Nitangoja munganga. Mungu akubariki." Maneno hayo machache yalichukua karibu nusu dakika. Faida alisikiliza akiwa ameshika sinia la dawa, akajibu kwa picha ya maua, akaingia chumba kilichofuata.

Jumapili Déo alimpigia mama yake, hakupata jibu. Alidhani yuko kwenye ibada ya simu na wenzake. Jumatatu alijaribu tena, kisha akampigia Faida. Faida alipiga mara sita. Kisha akavaa koti, akachukua barua yake ya kazi kama kibali iwapo atasimamishwa, akapanda treni vituo viwili hadi Cabramatta. Ndani ya behewa alikuwa peke yake.

Alipanda ngazi, akagonga, akaita. Mlango wa jirani ulifunguka nafasi ya kidole, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Mzee mmoja mwenye barakoa mbili akamtazama.

"Alikuwa anakohoa wiki nzima," mzee alisema kwa Kiingereza cha kukatakata. "Ukutani nasikia. Usiku, mchana. Tangu jana, hapana."

Faida aliniambia kwamba palepale, kabla polisi hawajaja, kabla mlango haujavunjwa, alijua kila kitu. Aliwapigia polisi, akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alihesabu kwa vidole: kikohozi, kifua, ladha. Alhamisi ile ile asubuhi alikuwa amewauliza wazee ishirini na mmoja maswali yale yale matatu.

Waliingia watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima. Hawakumruhusu kuvuka mlango. Mama Chibalonza alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, simu mkononi. Kipimo kilithibitisha ni korona. Hakuwa amechanjwa, alikuwa anamsubiri Déo amwambie chanjo ipi nzuri na ipi mbaya, na Déo alikuwa anasubiri wataalamu waache kubadilisha maneno. Kikohozi hakumtajia mtu. Mama mmoja wa kwaya alimsikia akikohoa kwenye simu, akaambiwa ni vumbi. Aliogopa, nadhani, milango inayogongwa, na hospitali ambako angelazwa bila mtu wa kusema naye.

Jioni ile Faida alisoma masharti ya serikali kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Kumtembelea mtu anayehitaji kuhudumiwa kuliruhusiwa. Siku zote zile ilikuwa ruhusa kwenda.

Tulimzika tukiwa watu kumi tu, kama sheria ilivyotaka, kwenye makaburi ya Rookwood. Mimi nilikuwa mmoja wa kumi hao, kazi yangu kushika simu ili Déo aone. Mpaka wa Queensland ulikuwa umefungwa. Akitoka asingeruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto. Jeneza halikufunguliwa. Hakuna aliyemwosha, hakuna aliyemchagulia kitenge. Akina mama wa kwaya walikuwa nao kwenye simu, kila mmoja kwake, na mchungaji alipoanzisha wimbo sauti zao zilifika zikipishana, huyu kwenye ubeti, yule bado kwenye kiitikio, mpaka ikawa kelele. Mchungaji akawaomba wanyamaze, aimbe mmoja tu. Hakuna aliyetaka kuwa yule mmoja. Basi tukafukia bila wimbo. Kwenye kioo cha simu Déo alikuwa amevaa suti, amesimama katika chumba chake cha kulia, mikono imelegea pembeni.

Baada ya wiki moja alimpigia Faida. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama aliniambia mulikuwa munarekodi. Iko bado?"

"Ipo, kaka. Zote nne."

"Nitumie. Sina sauti yake ingine, ni ile tu ya simu, ya kusema siko, acha ujumbe."

Faida hakuwa amezisikiliza tangu siku ile. Alikuwa amekwisha kuandika mahojiano ya nne kwenye karatasi, kurasa tisa, kwa tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Sasa aliketi na karatasi zile akabonyeza rekoda. Na alisikia. Alisikia jinsi Mama Chibalonza alivyokata sentensi katikati ili apate pumzi. Alisikia mluzi mdogo mwisho wa kila neno refu. Dakika ya thelathini na nane, simu inawekwa juu ya kitu kigumu, hatua mbili, tatu zinaburuzika, na kwa mbali, kikohozi kirefu kisichokwisha cha mtu aliyefunika mdomo kwa nguo. Kisha hatua zinarudi. "Niko hapa, mwanangu. Endelea."

Akatazama karatasi yake. Kwenye dakika ya thelathini na nane alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: *Kimya kirefu. Analia.*

Vanessa alikuwa upande wa pili wa meza. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama mama yake, akasema taratibu, "You can cut that bit, Mum. Ni rahisi. I'll show you."

"Ukikata, itajulikana?"

"No. Nobody will know."

Faida aliniambia alifikiri kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka. Mkono wa mtoto ulikuwa tayari kwenye laptopu. Mwishowe alisema, "Acha. Ni mama yake." Akazituma zote nne kama zilivyo, na zile kurasa tisa pamoja nazo.

Déo alipiga siku ya tatu.

"Dakika ya makumi tatu na munane," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Siku ile ulisikia?"

"Siku ile sikusikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika."

Nyuma ya Déo watoto walikuwa wakigombea kitu kwa Kiingereza. "Ulikuwa unamuuliza maswali ya kitabu," alisema, "na mama anakufa." Akakata simu. Hakupiga tena, wala hakupokea.

Faida alimwandikia mwalimu kwamba anaacha masomo. Alieleza kila kitu, akaambatanisha dakika zile. Hanh hakujibu kwa barua. Alimpigia kwa video. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Alisema: "Na mimi nilisoma maelezo yako Ijumaa. Kila mstari. Nimefundisha kazi hii miaka kumi na tisa, naishi Cabramatta, jirani yangu alikuwa hospitali wiki hiyo hiyo na mashine ya oksijeni. Nami sikuuliza." Kisha Hanh akasema, "Nimeripoti kwa mkuu wa idara. Mradi utaratibiwa upya, hakuna mwanafunzi atakayehoji mtu tena peke yake namna hii. Wewe ukitaka kuacha, sitakuzuia. Lakini usiache wiki hii. Wiki hii huwezi kuamua kitu."

Hakuacha wiki ile. Wiki iliyofuata pia hakuacha. Sijui kusema alikuwa na nguvu gani. Mimi niliona tu kwamba alikuja kazini, na kwamba alikuwa anakaa vyumbani mwa wazee muda mrefu kupita ratiba, akiinama kusikiliza vifua vyao, hadi msimamizi akamwonya. Alikonda. Jikoni nilikuwa nikimwekea sahani, naikuta imefunikwa vilevile. Mara moja nilimkuta ndani ya chumba cha kuhifadhia shuka, amesimama tu, taa imezimwa. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Napumzika kusikia."

Mradi aliuandika upya. Jina la Mama Chibalonza halimo, wala binti wa msituni, wala mbuzi. Alijiandika yeye mwenyewe: mtu aliyejua kwamba moyo ukiuma si lazima uwe moyo, akasahau kwamba kifua kikibana huenda ni kifua. Kurasa kumi na mbili. Alipata alama za kutosha, si za juu. Mtahini wa nje aliandika pembeni kwamba kazi ina uchungu mwingi na marejeo machache.

Januari mwaka 2022 mipaka ilikuwa imefunguliwa, korona ilikuwa imeenea mpaka haihesabiki, na mvua haikukatika. Déo alikuja kwa basi kutoka Queensland, safari ya usiku na mchana. Hakumwambia mtu wa kanisani. Alimtumia Faida ujumbe mmoja: *Nionyeshe kaburi.*

Walikutana stesheni, wakasalimiana bila kushikana mikono. Kaburi lilikuwa bado halina jiwe, kijiti tu chenye namba, na udongo ulikuwa umeshuka kwa mvua ukaacha shimo la maji. Déo alivua koti lake la mvua, akapiga magoti, akaanza kusogeza udongo kwa mikono kulijaza lile shimo. Faida alisimama kidogo, kisha naye akapiga magoti upande wa pili. Walifanya hivyo bila neno mpaka pakawa sawa.

"Dada yangu," Déo alisema mwishowe, akijifuta matope kwenye suruali. "Mambo ya viatu. Ya mbuzi. Mama hakuniambia hata siku moja. Nilikuwa na miaka mbili. Nilijua tu kama alikuwako mutoto mwingine."

"Aliniambia kwenye mahojiano ya pili."

"Nimeisikiliza labda mara makumi tano." Alitazama kijiti chenye namba. "Siku zingine nakukasirikia, Faida, mpaka kazini nashindwa kushika kisu. Siku zingine hapana. Sijui kama itaisha. Usiniulize."

"Sitakuuliza, kaka."

"Watoto wangu hawasikii Kiswahili. Wataka kujua bibi yao. Niandikie yote kwa Kiingereza, zote ine. Wewe ndiye unajua kuandika." Akaokota koti lake la mvua. "Na pale uliandika analia, andika anakohoa."

Faida alisema ndiyo. Ilimchukua wiki saba, kila siku baada ya kazi, akisikiliza sentensi moja, akisimamisha, akiandika, akirudia. Vanessa alimsaidia kwenye Kiingereza. Walipofika kwenye viatu vya yule msichana, Vanessa aliinuka, akaenda chumbani mwake, akafunga mlango, na siku ile hawakuendelea. Alipomaliza, alipeleka karatasi kwa posta. Déo alijibu kwa neno moja, *Zimefika*. Tangu hapo humwandikia Faida kila Pasaka na kila mwaka mpya, mistari miwili au mitatu, habari za watoto tu.

Barua ya chuo kikuu ilifika katikati ya wiki zile saba. Faida alinionyesha jikoni, imekunjwa mara nne. Alikuwa amekubaliwa kuingia mwaka wa pili, kama alivyopanga tangu mwanzo. Nilipiga kigelegele, nikamkumbatia, na nilihisi mabega yake yamekakamaa kama ubao.

"Utakwenda?" nilimwuliza.

"Nimekwisha kusaini," alisema.

Siku ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Machi, na mvua ilinyesha. Alipanda treni mara mbili na basi mara moja. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wanafunzi mia mbili, nusu na barakoa, nusu bila, karibu wote walikuwa na umri wa kuwa wadogo zake wa mwisho. Aliketi safu ya nyuma karibu na mlango. Somo lilikuwa takwimu. Mhadhiri alizungumza saa mbili juu ya namna ya kukadiria makosa, na Faida akaandika yote.